Lynx ya 2016, ya 2017 au ya 2025? Namna ya kusoma jedwali la misimu

Swali: Kocha, salamu. Mimi na mdogo wangu tumekusanya rekodi za Minnesota Lynx ya WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, msimu mmoja mmoja, tangu 1999 hadi 2025. Yeye anasema Lynx bora kuliko zote ni ya 2025 kwa sababu ilishinda mechi 34, na hakuna mwaka mwingine waliofika huko. Mimi nasema ni ya 2016, ushindi 28 na vipigo 6, ila ananibana kwamba mwaka huo hawakuchukua ubingwa. Nani yuko sahihi? Na inakuwaje timu imalize 13–21 mwaka 2010, halafu mwaka unaofuata iwe 27–7 na kombe juu?

Jibu: Salamu nimezipokea. Kati yenu wawili, wewe uko karibu zaidi na ukweli, lakini mimi nisingechagua 2016 wala 2025. Ningechagua 2017, na sababu zake haziko kwenye safu ya ushindi peke yake.

Tuanze na hizo mechi 34 za mdogo wako. Msimu wa WNBA haujawahi kuwa na urefu mmoja. Lynx walipoingia ligini mwaka 1999 kila timu ilikuwa ikicheza mechi 32. Kuanzia 2003 zikawa 34, zikakaa hapo hadi 2019. Mwaka wa korona, 2020, zilichezwa 22 tu, zote mahali pamoja huko Bradenton, Florida. Mwaka 2021 zikarudi 32, mwaka 2022 zikawa 36, mwaka 2023 na 2024 zikawa 40, na 2025 zikafika 44. Maana yake ni kwamba Lynx ya 2016, hata ingeshinda kila mechi iliyowekwa mbele yake, isingepita 34. Kumpa wa 2025 ushindi kwa hesabu hiyo ni kumnyima mwenzake nafasi kabla mpira haujarushwa.

Ndiyo maana kwenye jedwali la aina hii jicho liende kwanza kwenye asilimia ya ushindi. Sisi huku tumezoea ligi zinazofuata kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ambapo mshindi anapata pointi 2, aliyefungwa anapata 1, na msimamo unapangwa kwa pointi hizo. WNBA hawana pointi za msimamo. Wana ushindi, vipigo, asilimia, na safu ya "mechi nyuma" inayoonyesha umbali wa timu kutoka kwa kinara. Mechi nyuma hupatikana kwa kuchukua tofauti ya ushindi, kuongeza tofauti ya vipigo, kisha kugawa kwa mbili. Mwaka 2016 Lynx walimaliza 28–6 na Los Angeles Sparks 26–8, hivyo Sparks walikuwa mechi 2 nyuma.

Kwa asilimia, Lynx ya 2016 inasimama juu ya nyingine zote: 82.4. Zinafuata tatu zilizolingana, 2011, 2012 na 2017, kila moja 27–7, sawa na 79.4. Lynx ya 2025, pamoja na ushindi wake 34, ina 77.3, kwa hiyo ni ya tano. Nyuma yake ipo 2013 yenye 26–8, halafu 2024 yenye 30–10, ambayo ni 75 kamili. Mwonyeshe pia mdogo wako Las Vegas Aces ya 2023. Nao walishinda mechi 34, lakini katika mechi 40, wakipoteza 6. Idadi ya ushindi ni ile ile ya Lynx ya 2025, ila kuna vipigo vinne kati yao, na vipigo vinne katika ligi hii ni vingi. Na ukitaka kilele cha ligi nzima kwa asilimia, kiko mbali nyuma: Houston Comets ya 1998, 27–3, asilimia 90.

Hapo umeshinda ubishi wa kwanza. Wa pili ndio mgumu, kwa sababu mdogo wako amegusa jambo la kweli. Rekodi ya msimu wa kawaida huishia mlangoni mwa hatua ya mtoano. Majedwali mengi huweka mtoano kwenye safu ya pembeni kwa maneno machache, "alifungwa fainali 2–3", na msomaji anapita. Mimi huzijumlisha. Chukua mechi zote walizocheza mwaka huo, za kawaida na za mtoano, uone kinachotokea.

Mwaka 2016 Lynx waliifunga Phoenix kwa mechi 3–0 nusu fainali, wakafungwa na Sparks 2–3 fainali. Jumla ya mwaka: 33–9. Mwaka 2017 waliifunga Washington 3–0 nusu fainali, wakaifunga Sparks 3–2 fainali. Jumla ya mwaka: 33–9. Rekodi ni ile ile, mpinzani wa fainali ni yule yule, na hata Sparks wenyewe walikuwa 26–8 miaka yote miwili. Kilichobadilika ni mechi moja tu, ile ya tano ya fainali.

Hiyo ya 2016 ilichezwa Minneapolis. Lynx walikuwa mbele kwa pointi moja, mpira ukamrukia Nneka Ogwumike wa Sparks chini ya kikapu baada ya kurusha kwake kuzuiwa, akaurudisha ndani zikiwa zimebaki sekunde 3.1. Sparks 77, Lynx 76. Na kuna la kuuma zaidi: baadaye ligi yenyewe ilikiri kwamba kikapu kingine cha Ogwumike, kilichofungwa katika dakika za mwisho kabla ya hapo, hakikupaswa kuhesabiwa kwa sababu saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imerusha, ilikuwa imekwisha. Kwenye jedwali lenu yote hayo ni "2–3". Siandiki haya ili kuwanyang'anya Sparks kombe lao. Walilicheza na ni lao. Naandika ili ujue kwamba timu iliyoanza msimu kwa kushinda mechi 13 mfululizo, ikamaliza 28–6, haikushuka hadhi kwa sababu ya mpira mmoja uliorudi mikononi mwa mtu.

Basi kwa nini nachagua 2017 na si 2016, ikiwa zimelingana? Kwa sababu ya kile walichokifanya baada ya kuumizwa. Fainali ya 2017 mechi ya kwanza walikuwa nyuma kwa pointi 26, wakarudi hadi wakaongoza, kisha Chelsea Gray wa Sparks akawafunga mwishoni, 85–84. Timu nyingi zingevunjika hapo, hasa ikikumbukwa kilichowapata mwaka uliotangulia. Tena hawakuwa hata kwenye uwanja wao wa kila siku. Target Center ulikuwa ukikarabatiwa, msimu wa kawaida waliucheza St. Paul na fainali wakaihamishia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Wakafika mechi ya tano, na Sylvia Fowles akachukua ribaundi 20 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) pamoja na pointi 17. Wakashinda 85–76. Fowles alikuwa mchezaji bora wa msimu na mchezaji bora wa fainali mwaka huo huo.

Najua utaniuliza kuhusu 2011 na 2013, maana ukizijumlisha kwa njia yangu mwenyewe zinapita hizi mbili. Mwaka 2011 mtoano ulikuwa 7–1, jumla 34–8, asilimia 81. Mwaka 2013 hawakufungwa hata mechi moja ya mtoano, 7–0, jumla 33–8, asilimia 80.5. Kwa hesabu tupu, 2011 ndiyo ya kwanza. Ila hapa nauliza walimfunga nani. Fainali zote mbili walicheza na Atlanta Dream, wakawafunga 3–0. Dream ya 2011 ilikuwa 20–14, na ya 2013 ilikuwa 17–17. Sparks ya 2017 ilikuwa 26–8, bingwa mtetezi, yenye Candace Parker, Ogwumike na Gray. Kushinda 3–2 dhidi ya hao nakupa uzito mkubwa kuliko 3–0 dhidi ya timu iliyoshinda nusu ya mechi zake. Mtu akiniambia anachagua 2013 kwa sababu ya ile 7–0, sitagombana naye. Anayechagua kwa sababu ya ushindi 34 nitambishia hadi kuche.

Sasa swali lako la pili, ambalo binafsi nalipenda kuliko la kwanza: 13–21 kuwa 27–7.

Kwanza, ile 13–21 ya 2010 inadanganya. Kanda ya Magharibi mwaka huo ilikuwa na timu moja tu iliyozidi nusu, Seattle Storm, 28–6. Phoenix walishika nafasi ya pili wakiwa 15–19. Nafasi ya mwisho ya mtoano iligombewa na Sparks na Lynx, wote wakiwa 13–21, na Sparks wakapita kwa kanuni ya kutenganisha timu zilizolingana. Lynx wakabaki nje. Kwa kubaki nje wakaingia kwenye bahati nasibu ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya. Timu mbovu kuliko zote ilikuwa Tulsa, 6–28, lakini nafasi ya kwanza ikawaangukia Lynx, nao wakamchagua Maya Moore kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut. Hebu fikiri: kanuni ile ingewapendelea Lynx, wangecheza mtoano dhidi ya Seattle na huenda wangetolewa mapema, na Moore angekwenda kwingine. Rekodi ilikuwa moja kwa timu mbili, njia zikawa mbili, na moja ya njia hizo ilizaa makombe manne.

Pili, kikosi kilikuwa kimeshajengwa kabla ya Moore kufika, ila jedwali halikuwa limelionyesha bado. Seimone Augustus alikuwepo tangu 2006, chaguo la kwanza la drafti ya mwaka huo. Rebekkah Brunson alipatikana baada ya Sacramento Monarchs kuvunjwa mwishoni mwa 2009 na wachezaji wake kugawanywa. Lindsay Whalen, mzaliwa wa Hutchinson hapo hapo Minnesota, aliletwa kutoka Connecticut Sun mwanzoni mwa 2010, na ili kumpata Lynx walitoa chaguo la kwanza la drafti ya 2010, ambalo Sun walimchukulia Tina Charles. Kocha Cheryl Reeve naye alianza 2010. Augustus aliuanza mwaka huo akitoka kwenye upasuaji, na Candice Wiggins akaumia kano ya kisigino msimu ukiendelea. Kwa hiyo 2010 ni mwaka wa kocha mpya na wachezaji wapya ambao hawakupata kuwa uwanjani pamoja wakiwa wazima. Mwaka 2011 wakapona, Moore akaingia, na Taj McWilliams-Franklin, akiwa na miaka 40, akaja kushika katikati. Augustus akawa mchezaji bora wa fainali, Moore akawa mchezaji bora chipukizi. Mruko wa mechi 14 ukishajua hayo si muujiza tena, ingawa bado unapendeza kuutazama.

Nikikushauri jambo moja kuhusu jedwali lenu, msilisome kama safu moja ndefu. Lipigeni mistari mahali kikosi kilipobadilika. Tangu 1999 hadi 2010 Lynx walicheza mechi 400 za msimu wa kawaida, wakashinda 165 na kupoteza 235. Tangu 2011 hadi 2017 walicheza 238, wakashinda 182 na kupoteza 56. Yaani misimu saba ilileta ushindi mwingi kuliko kumi na miwili iliyotangulia. Tangu 2018 hadi 2025 ni 169–113. Hizo ni timu tatu tofauti zilizovaa jezi moja.

Ukishapiga mistari hiyo utaona namba zinazofanana zikisema mambo tofauti kabisa. Rekodi ya 18–16 imo mara nne: 2003, 2004, 2018 na 2019. Ya 2003 ilikuwa shangwe, mara ya kwanza kwa Lynx kuingia mtoano, enzi za Katie Smith na kocha Suzie McConnell Serio. Ya 2018 ilikuwa machweo: bingwa mtetezi akatolewa na Sparks katika mechi moja tu ya raundi ya kwanza, na Whalen akastaafu. Ya 2019 ndiyo ninayoiheshimu zaidi kati ya hizo nne. Whalen hayupo, Moore amesimama kucheza, Brunson yuko nje kwa majeraha ya kichwa, Augustus ameumia sehemu kubwa ya msimu, na bado wakashinda zaidi ya nusu. Mwaka huo Napheesa Collier, aliyechaguliwa wa sita kwenye drafti, akawa mchezaji bora chipukizi. Hapo ndipo mbegu ya 2024 na 2025 ilipopandwa, na kwenye jedwali mstari wake unafanana na wa mwaka uliotangulia.

Tazama pia 2014 na 2015. Mwaka 2014 walikuwa 25–9 na Moore akawa mchezaji bora wa msimu, lakini Phoenix walikuwa 29–5, hivyo Lynx walimaliza wa pili kanda ya Magharibi, mechi 4 nyuma, na Phoenix hao hao wakawatoa. Mwaka 2015 walikuwa 22–12, rekodi dhaifu kuliko zote za miaka yao ya dhahabu, wakamaliza wa kwanza na kuchukua ubingwa. Tena hiyo 22–12 ni timu mbili zilizounganishwa: kabla ya Fowles na baada yake. Alitua kutoka Chicago mwezi Julai, msimu ukiwa katikati, na fainali ilipoisha, 3–2 dhidi ya Indiana, yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali. Asilimia ya msimu mzima haikuweza kukuambia kwamba timu iliyoingia mtoano haikuwa ile iliyoanza mwezi Juni.

Kuhusu takwimu za mchezaji mmoja mmoja nitapita haraka, maana hukuuliza, ila nimeona umeandika wastani wa pointi pembeni. Usilinganishe wa 2001 na wa 2025 moja kwa moja. Hadi 2005 saa ya kurusha ilikuwa sekunde 30 na mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20. Kuanzia 2006 ikawa sekunde 24 na robo nne za dakika 10. Dakika ni 40 kote, lakini nafasi za kushambulia ziliongezeka. Kwa hiyo pointi 23.1 kwa mechi alizofunga Katie Smith mwaka 2001, zilizomfanya kinara wa ligi, zilipatikana katika mchezo wa polepole kuliko 22.9 za Collier mwaka 2025. Na timu ya Smith mwaka huo ilikuwa 12–20, kama ilivyokuwa kwa Augustus mwaka 2006, pointi 21.9 kwa mechi huku timu ikiwa 10–24. Safu ya mchezaji inaweza kung'aa wakati timu inazama.

Nirudi kwa mdogo wako kidogo, maana sitaki adhani naidharau Lynx ya 2025. Ile ni timu kubwa. Collier alimaliza msimu akirusha zaidi ya asilimia 50 uwanjani, 40 kwa pointi tatu na 90 kwa mipira ya adhabu, jambo ambalo kabla yake katika WNBA alikuwa amelifanya Elena Delle Donne peke yake. Walichokosa ni mwisho. Nusu fainali dhidi ya Phoenix waliongoza mechi ya pili kwa pointi 20 nyumbani wakafungwa katika muda wa nyongeza, mechi ya tatu Collier akaumia kifundo cha mguu, mechi ya nne Reeve akawa amefungiwa, na safari ikaishia 1–3. Jumla ya mwaka ni 37–13, asilimia 74. Hata Lynx ya 2024, iliyofika mechi ya tano ya fainali na kufungwa na New York Liberty 67–62 katika muda wa nyongeza, ilikwenda mbali zaidi yao, ingawa jumla yake ni 37–15.

La mwisho ni la kukagua kazi yenu. Mkijumlisha misimu yote 27 ya kawaida, 1999 hadi 2025, mnapaswa kupata ushindi 516 na vipigo 404 katika mechi 920. Kama mmepata zaidi, angalieni kwanza mstari wa 2024 na wa 2025. Fainali ya Kombe la Kamishna, shindano la ndani ya msimu, haihesabiwi kwenye rekodi ya msimu. Lynx waliishinda 2024 kwa 94–89 dhidi ya Liberty, wakaipoteza 2025 kwa 74–59 dhidi ya Indiana Fever. Mkiona 31–10 au 34–11 mahali popote kwenye karatasi yenu, ni hiyo imeingia, itoeni.